Upanga Ambao Sikuuona Ukiwaka

Mimi ni mtu wa kushuku. Naanza na hilo ili usije ukasema nimekuficha. Nashona nguo Shelui, kwenye baraza linalotazama lami, na kazi hii imenifundisha kwamba watu hawasemi kweli hata kuhusu viuno vyao. Mteja anakuletea gauni lililochanika kwapani, anakuapia kwamba limechanika lenyewe likiwa limetundikwa. Mwingine anakuletea kitambaa cha mita tatu, ukikipima mbele yake ni mbili na nusu, halafu anaikazia macho futikamba yako kana kwamba ndiyo mwizi. Kwa hiyo nguo napima mara mbili na maneno ya watu napima mara tatu.

Kaka yangu tofauti. Yeye ni fundi simu, kibanda chake kimegusana na baraza langu, na anaamini kila anachoambiwa. Ukimwambia mvua inakuja mwezi wa nane, atatoa ndoo nje. Alikuwa na tabia ya kukusanya simu zilizokufa, anatoa kioo cha hii na kamera ya ile, mpaka siku moja akaunda simu iliyopiga picha safi kuliko zote tulizowahi kushika. Tangu siku hiyo akajitangaza kuwa mtengenezaji wa filamu. Nilimuuliza filamu gani. Akasema ya shujaa wa kike aliyeshuka kutoka angani, akaangukia kwenye shamba la alizeti, mkononi ana upanga wa mwanga. Nikamuuliza huyo shujaa ataigizwa na nani. Akanitazama tu, halafu akainamisha kichwa kwenye simu ya mtu aliyokuwa akiifungua.

Nilikubali, lakini si kwa kupenda sanaa. Mavazi ningeyashona mimi, kwa bitana nyeusi iliyobaki kwenye suti za maharusi, na nilijua fika kwamba msichana mwingine akiyavaa hayarudi. Adui yangu katika filamu alikuwa dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya baraza letu, kijana mrefu mwenye kucheka ovyo. Kaka alishika kamera. Timu yetu yote ilikuwa watu watatu, na wa nne, ambaye hakuna aliyemhesabu, alikuwa baba.

Baba ana mkokoteni na maksai wawili. Msimu wa alizeti ukifika anabeba magunia ya watu kuyapeleka kwenye mashine ya kukamua mafuta, na jioni anarudi na mashudu ya kulishia ng'ombe. Kati ya mashine na kwetu kuna korongo, na daraja ni moja tu, la lami. Kwa hiyo mzee wangu na maksai wake wanagawana barabara na malori yanayoshuka mlima Sekenke yakienda Nzega na mbele zaidi. Wapo watu wanaoogopa wachawi, wapo wanaoogopa njaa. Mimi naogopa lami hiyo saa ya magharibi, wakati jua limeshazama na dereva bado anadhani anaona.

Miaka miwili kabla ya habari ya filamu, mkokoteni wa mtu wa kijiji cha jirani uligongwa kwa nyuma saa kama hiyo. Maksai walikufa palepale, na mwenyewe mpaka leo anatembelea magongo. Wiki hiyohiyo nilimshonea dereva mmoja wa lori kava za viti, na badala ya pesa ya kushona nikamwomba ule mkanda wa reflekta, mwekundu na mweupe, unaobandikwa nyuma ya magari makubwa. Mbao za mkokoteni wetu zilikuwa na vumbi na samadi, mkanda ukakataa kushika, nikaugongomea mwenyewe kwa misumari midogo ya fundi viatu. Baba alisimama pembeni akicheka kwamba mkokoteni umevalishwa nguo. Mimi sikucheka.

Sasa turudi kwenye panga.

Panga zetu za kwanza zilikuwa mabomba ya plastiki ya maji, yamepakwa rangi nyeupe, na vishikio vya mpira wa baiskeli. Tulipigana nayo siku nzima kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, halafu kaka akaketi kibandani kuchora mwanga. Kazi ile ni adhabu. Sekunde moja ya filamu ina picha ishirini na nne, na katika kila picha inabidi uchore mstari mweupe juu ya bomba, kisha uuzungushie rangi iliyofifia pembeni ili macho yadanganyike kwamba bomba linawaka. Alichora kwa kidole, kwenye kioo chenye ufa. Wiki tatu zikatoa sekunde nne. Tulipozitazama, nilinyanyua mkono na upanga ukanyanyuka, lakini mwanga ulibaki chini ukinisubiri. Dereva wa bodaboda alicheka mpaka akashuka kwenye pikipiki.

Wakajaribu njia nyingine. Dereva alileta zile taa ndogo za nyuzi anazopambia pikipiki, wakaziingiza ndani ya bomba na betri kwenye kishikio. Ukiwa umesimama ulikuwa upanga mzuri, sikatai. Tulipogonganisha mara ya kwanza, nyaya zikakatika na mimi nikabaki na bomba lenye giza mbele ya adui. Kaka alikusanya nyaya taratibu, akaenda kukaa kibandani, na siku mbili nzima hakula vizuri. Nilimwonea huruma, ingawa sikumwambia, kwa sababu huruma ukimwonyesha fundi simu anaomba kitu.

Siku ya tatu alikuja akipiga mluzi. Chini ya kwapa alikuwa na yale mabomba yaleyale, lakini sasa yamezungushiwa utepe mwembamba, langu jeupe la kijivujivu, la adui jekundu, na juu yake solotepu angavu toka mwanzo hadi mwisho. Nilishika langu nikaligeuza. Halikuwaka hata kidogo. Nikamwambia hiki ni kijiti kilichofungwa bandeji. Akasema subiri jua lizame.

Jioni ile, jua lilipozama na mbingu bado ina weupe upande wa magharibi, kaka alifunga tochi kwenye simu kwa mpira, tochi na kamera vikawa kama pua na jicho. Akasema anza. Nikapiga, adui akakinga, nikazunguka. Kaka alianza kupiga kelele nyuma ya simu.

"Unawaka! Dada, unawaka! Usisimame!"

Niliangalia mkono wangu. Kijiti kilekile, kijivu kilekile. Nilimwangalia dereva, naye ameshika kitu chekundu kilichofifia kama jiko lililozimwa jana. Tulitazamana.

"We unaona kitu?" nikamuuliza.

"Mi naona unanichelewesha abiria."

Kaka alituonyesha kwenye simu. Kweli, pale kwenye kioo panga ziliwaka kama vyuma vilivyotoka motoni, na mwanga haukubaki nyuma hata kidogo. Akatueleza kwamba utepe ule unarudisha mwanga kulekule ulikotoka, kwa hiyo anayeuona ni yule tu aliyekaa pamoja na tochi. Aliyesimama pembeni haoni, na mwenye kuushika haoni.

Wewe ungeamini? Mtu yuleyule aliyekuwa wiki tatu akichora mwanga wa uongo kwa kidole, leo ananiambia kuna mwanga wa kweli ila mimi tu siuoni. Nikasema moyoni, huyu amepata njia ya kuchora haraka zaidi na hataki tujue. Akaniita nisimame nyuma ya tochi nijionee, upanga wangu aushike dereva. Nikashuku papo hapo. Kwa nini anataka niuachie upanga? Nikakataa, nikasema tupige picha giza halijakolea.

Ila kushuku huko kulikuwa kudogo. Kukubwa kulianza nilipouliza utepe umetoka wapi.

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na mtu anayetupenda."

Nimeishi Shelui tangu kuzaliwa. Hapa watu wanakusalimia, wanakuzika, wanakuchangia harusi, lakini sijawahi kuona mtu anayempa mtu kitu kwa sababu anampenda halafu hataki atajwe. Nikaanza kuchunguza. Nilijua reflekta ni kitu cha malori, na malori yapo mita mia mbili kutoka kibandani kwa kaka, madereva wamelala chini ya tela adhuhuri nzima. Kila nilipokwenda kununua uzi nilipitia njia ya maegesho, nikatembea taratibu nyuma ya magari, nikikagua. Hili lina mkanda mzima. Hili limepungukiwa kipande upande wa kushoto. Hili halina kabisa, lakini pia halina taa wala namba, kwa hiyo huenda ni shida ya mwenyewe. Nilikuwa nahesabu migongo ya malori kama mchungaji, na madereva wakaanza kunisalimia kwa tabasamu ambazo sikuzipenda.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Kwetu tunasema Kinyiramba. Kiswahili ni cha wateja, cha kanisani na cha wageni. Lakini jioni moja niliingia jikoni nikamkuta baba na kaka wananong'ona, na waliponiona tu baba akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Naam, hali ya hewa ni nzuri." Tangu lini baba yangu akazungumza hali ya hewa na mtoto wake kwa Kiswahili? Nikaweka sufuria chini nikawaangalia mmoja mmoja. Kaka akakumbuka ana simu ya mtu.

Halafu baba akaanza kuegesha mkokoteni kinyumenyume. Zamani aliuacha popote, siku hizi anahangaika kuurudisha mpaka mgongo wake unagusa ukuta wa ghala. Nikashuku amevunja mbao akiwa amebeba mzigo wa mtu na anaficha. Niliamua kumuuliza baadaye, nikimaliza la kaka, maana moja tu lilikuwa linanitosha.

Wewe unayesoma labda umeshajua. Ni rahisi ukiwa umekaa. Mimi nilikuwa na cherehani mbele, lami pembeni, na kichwa kimejaa malori.

Tukaendelea kupiga picha, karibu kila jioni, saa ileile ya magharibi kwa sababu mchana utepe hauonyeshi kitu. Baba alikuwa anarudi saa hiyohiyo. Zamani nilikuwa nasimama mlangoni mpaka nisikie kengele za maksai. Sasa nilikuwa shambani nimevaa bitana, narukaruka na kijiti, na nilipofika nyumbani baba alikuwa ameshafika, ameketi, anauliza filamu imefikia wapi. Alipenda sana kuuliza. Anauliza nani amempiga nani, na kama upanga umewaka.

"Wanasema umewaka," nikamjibu. "Mimi siuoni."

"Utauona," akasema, na akacheka peke yake.

Wiki ya mwisho, imebaki sehemu moja tu ya filamu, pale shujaa na adui wanapopigana mara ya mwisho, zikafika habari barazani. Dereva mmoja amelalamika kwamba amelala hapa Shelui na amekuta reflekta za tela lake zimenyofolewa. Trafiki wamemsimamisha njiani, amerudi na hasira, anasema akimpata mtu aliyefanya hivyo hatamfikisha polisi. Mteja aliyenieleza alikuwa anajaribu blauzi, ananieleza kwa furaha kabisa. Sindano ilinichoma kidole na sikusikia.

Usiku, tukila ugali wa uwele na mlenda, nilisema. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kwa sauti, nikitazama bakuli, kwamba mtu anayeng'oa reflekta kwenye chombo cha mwenzake ni muuaji. Kwamba amemwondolea mtu macho ya kisogoni. Kwamba mimi nikimjua, hata awe damu yangu, nitampeleka mwenyewe.

Kaka alimtazama baba. Baba akatazama tonge lake, akalichovya, akalirudisha.

"Huenda alikuwa na sababu," baba akasema.

"Sababu gani, baba? Sababu gani inazidi mtu kufika kwake?"

Akalitia tonge mdomoni bila kunitazama. Nikaona wazi kwamba anajua, na anamkinga mwanawe wa kiume. Iliniuma. Nikaondoa vyombo kabla hawajamaliza.

Kesho yake nilifanya nilichokuwa nimekusudia. Jioni, kaka akiwa ameenda kumtafuta dereva wetu kwa ajili ya ile sehemu ya mwisho, nilichukua panga zote mbili nyuma ya mlango, nikazifunga kwenye kitenge, nikaenda maegesho. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwokoa kaka bila kumtaja. Mlinzi wa pale ni mzee aliyekuwa utingo maisha yake yote, amesafiri nyuma ya malori mpaka amepinda mgongo, na anayajua magari kuliko wenye nayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Nimerudisha mali ya watu. Naomba usiniulize ilikuwa kwa nani."

Nikafungua kitenge. Alizitazama panga, akanitazama mimi, nadhani alikuwa anaamua kama nina akili timamu. Akachukua ule mwekundu, akatoa kisu kidogo, akachana solotepu. Utepe ukafunguka taratibu kama ganda la chungwa. Akaunyoosha juu ya benchi, akapitisha kidole.

"Hii si ya lori."

"Ni reflekta, mzee."

"Ni reflekta, ndiyo. Lakini ona matundu haya. Lori ni chuma, mkanda unabandikwa, unashika. Nani anapigilia misumari kwenye lori? Hii ilikuwa kwenye ubao."

Niliinama. Kulikuwa na matundu madogo, yamepishana kwa upana wa vidole viwili, na ukingoni mkanda ulikuwa umekunjwa kwa ndani, mkunjo mwembamba uliobanwa vizuri. Ni pindo. Kabla ya kuugongomea mkanda ule niliukunja pindo ili usinyofoke kingo, kama ninavyofanya kwenye kila shati linalopita mikononi mwangu. Kuna mtu mmoja tu Shelui anayeweza kukunja pindo la reflekta. Wiki zote zile nilikuwa nimeshika kazi ya mikono yangu na sikuitambua, kwa sababu nilikuwa nakagua ya watu wengine.

Nikainua kichwa nikatazama magharibi. Jua lilikuwa limezama.

Sikumuaga mzee, Mungu anisamehe. Nilinyakua upanga mweupe, ule ambao alikuwa hajaugusa, nikakimbia kuelekea darajani. Nimevaa sketi ya kazini, sindano bado zimechomekwa kifuani. Magari mawili yalinipita na kila moja lilinipita pamoja na roho yangu. Nilianza kuhesabu zile jioni. Jioni ngapi alikuwa amepita hapa bila kitu mgongoni, wakati mimi narukaruka shambani na macho yake mkononi? Sikuweza kuzihesabu, nikaacha.

Nilisikia kengele kabla sijaona kitu. Alikuwa ameshavuka daraja, anatembea mbele ya maksai, amevaa tochi ya kichwani kama kawaida yake. Mwanga wake ulinipiga usoni. Na kwetu hata hasira ina utaratibu wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mkanda uko wapi?"

Maksai waliendelea kutembea, hawakuwa na habari na sisi.

"Nina tochi," akasema mwishoni.

"Tochi inatazama mbele, baba! Lori linatoka nyuma!"

Na lilikuwa linatoka. Niliona mwanga ukipanda juu ya miti ya darajani, halafu taa zenyewe, mbili, pana. Kando ya lami pale kuna mtaro, mkokoteni haungeweza kushuka. Nikampita baba, nikaupita mkokoteni wote wenye mashudu, nikasimama nyuma yake katikati ya njia, nikageuka na kuinua upanga juu kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa kwenye filamu.

Sitasahau nilichokiona, kwa sababu sikuona kitu. Taa zilinijaa machoni, na juu ya kichwa changu kulikuwa na kijiti cha kijivu kilichofungwa bandeji. Hakikuwaka. Nikasema basi, kaka alikuwa anachora, nimesimama mbele ya lori na bomba la maji. Nilitaka kukimbia na miguu ikakataa. Kisha nikasikia breki za upepo zikitoa pumzi, mara moja, mara ya pili, na taa zikaanza kuyumba zikisogea upande. Lori lilitupita taratibu, pana sana, tairi zake za kulia nje kabisa ya lami. Dereva alipiga honi ndefu akatukana kitu ambacho kilikuwa haki yetu. Likaenda zake.

Mikono yangu ilikuwa bado juu. Baba alikuja kutoka mbele, anatembea haraka kuliko umri wake, na tochi yake ilipogeuka kwangu akasimama.

"Unawaka," akasema kwa sauti ndogo.

"Siuoni!" Nilikuwa nalia na napiga kelele. "Mimi siuoni, baba, sijawahi kuuona!"

Akavua tochi kichwani, akaja akanivalisha mimi, akaukaza ule mpira unaonuka jasho na mashudu. Akachukua upanga mkononi mwangu, akarudi nyuma hatua kumi, akauinua.

Nikauona. Ulikuwa mweupe mno, umesimama wenyewe gizani, na chini yake mzee wangu na shati lake lililofifia, anatabasamu kama mtu aliyeshika samaki. Kwenye mwanga ule niliyaona matundu yote ya misumari.

"Nilikuwa nauona kila jioni," akasema kutoka kule. "Nikiwa nafungua maksai, tochi kichwani, nauona nyuma ya mkokoteni. Kaka yako anaumia vidole kwa kuchora, na kitu chenyewe kipo, tena wewe ndiye uliyekiweka. Nikamwambia achukue. Alikataa, nikamlazimisha. Nikasema ni siku chache tu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ungekubali?"

Nilikuwa nimemkasirikia kiasi kwamba nilitaka kumkumbatia, na kwetu binti hamkumbatii baba yake barabarani. Nilichukua upanga, nikatembea nyuma ya mkokoteni mpaka nyumbani, nimeuelekeza kule magari yanakotokea. Tochi ilibaki kichwani kwangu, na mbele maksai wakatafuta njia wenyewe, wanaijua.

Reflekta za yule dereva zilikuja kujulikana baadaye. Zilinyofoka zenyewe, alikuwa ameegesha kwa kusugua ukuta. Kaka nilimwomba radhi, naye akapokea haraka mno, jambo ambalo bado nalitafakari. Filamu yetu haikuisha. Ile sehemu ya mwisho haikupigwa, na watu wakiniuliza shujaa aliishia wapi nawaambia alirudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata nilifungua utepe wote kwenye upanga wangu, nikaenda maegesho kuomba ule mwekundu na kumwomba mzee msamaha kwa kuondoka bila kuaga. Nikaviunga vipande vyekundu na vyeupe kwenye cherehani, mshono juu ya mshono, nikakunja pindo upya. Baba aliuvuta mkokoteni kutoka ukutani, akashika misumari kiganjani, akinipa mmoja mmoja. Safari hii nilichukua misumari mirefu. Ilipotokeza upande wa pili wa ubao nilizunguka na nyundo nikazipinda ncha zake zote zikalala, ili asiweze kuing'oa mtu yeyote, hata mwenye mkokoteni.